Shilingi ya Tanzania na ya Kenya: 1.06 ya mwaka 1985 haikuwa bei ya mtu wa kawaida

Katika jedwali la viwango vya kubadilisha fedha kati ya shilingi ya Tanzania na ya Kenya tangu 1966, namba zinazungukazunguka kwenye moja kwa karibu miaka 20. Kisha zinapaa: shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na 1.06 za Tanzania mwaka 1985, na 8.5 mwaka 1990. Wasomaji wengi hutoa hukumu papo hapo. Nyerere aliondoka shilingi yetu ikilingana na ya jirani, wanasema, Mwinyi akakubali masharti ya IMF, ikaanguka. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini imeegemea 1.06, na namba hiyo ni dhaifu mno kuibeba.

Tazama ilivyopatikana. Wastani wa dola moja mwaka 1985 ulikuwa shilingi 17.47 za Tanzania na 16.43 za Kenya. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Hesabu haina kosa. Tatizo ni kwamba 17.47 ilikuwa bei ya serikali, bei ya mwenye kibali cha fedha za kigeni: wizara, shirika la umma, kiwanda kilichobahatika kwenye mgao. Wengine wote walikwenda kwa walanguzi, na huko dola ilikuwa ghali mara kadhaa. Kenya nayo ilidhibiti fedha za kigeni, ila pengo kati ya benki na mtaani halikuwa kubwa kiasi hicho. Kwa hiyo 1.06 imegawanya bei ya wachache wa Tanzania kwa bei iliyokaribia ya kweli ya Kenya.

Hata bila kumuuliza mlanguzi, takwimu za serikali zenyewe zinaikana namba hiyo. Mwaka 1980 kiwango kilikuwa takriban 1.1. Kati ya hapo na 1985, bei za bidhaa Tanzania zilipanda zaidi ya mara tatu; Kenya hazikufika mara mbili. Kama kiwango kingefuata tofauti hiyo tu, kingekuwa kama 2.2. Badala yake kilishuka kidogo. Yaani katika miaka ya sukari na sabuni kuadimika, karatasi zilisema shilingi ya Tanzania imeimarika mbele ya ya Kenya!

Aliyelipa gharama ya uongo huo ni mkulima. Kahawa, pamba na mkonge viliuzwa nje kwa dola, na kila dola ikageuzwa kuwa shilingi 17 kabla bodi za mazao na vyama vya ushirika havijakata chao. Mkulima huyohuyo akienda dukani kununua jembe au khanga, alikutana na bei ya magendo. Ndiyo maana kahawa ilivushwa kwa njia za panya kwenda Kenya. Bajeti ya Juni 1984 ilikiri nusu ya ukweli: wenye dola zao waliruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Bidhaa hizo ziliuzwa kwa bei iliyofuata dola ya mtaani. Hivyo dola ilipopandishwa hadi shilingi 40, Juni 1986, sehemu kubwa ya maduka ilikuwa imeshapita hapo.

Upande wa pili nao una lake. Nyerere alisema bei ya mazao yetu hupangwa kwenye soko la dunia, kwa hiyo kushusha thamani ya shilingi hakuongezi dola, kunapandisha tu bei ya mafuta, dawa na vipuri. Msimamo huo ulimfanya Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, ajiuzulu mwaka 1979. Na kweli, aliyeishi kwa mshahara wa serikali na kutibiwa kwa dawa zilizoingizwa kwa bei ya 17 aliumia shilingi iliposhushwa. Tena ukiendeleza hesabu ya tofauti ya mfumuko wa bei hadi 1990 unapata takriban 5. Kati ya 5 na 8.5 kuna anguko ambalo mfumuko huo hauelezi. Ila sehemu yake ni thamani bandia iliyokuwapo kabla ya 1980, kwa hiyo siwezi kuitupia yote sera ya 1986.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi jedwali linavyotumika kwa miaka iliyofuata. Kutoka 1985 hadi 1990 kiwango kilipanda mara nane. Kutoka 1990 hadi 2020, miaka 30, kilifika 21.5 tu, yaani mara mbili na nusu. Njiani kiligeuka pia: kilikuwa 9.2 mwaka 1992, kikashuka hadi 7 mwaka 1993, kwa sababu safari hiyo iliyoporomoka ni shilingi ya Kenya, kutoka kama 36 kwa dola mwishoni mwa 1992 hadi 68 mwaka mmoja baadaye. Anayechora mstari mmoja ulionyooka kutoka 1985 hadi leo anaificha yote hiyo.

Kwa anayehitaji viwango hivi kazini, chunguza kwanza kama namba ni ya wastani au ya mwisho wa mwaka. Wastani wa Kenya wa 1993 ni 58, mbali na ile 68. Mwaka 2024 ni mtego uleule: dola ilivuka 160 Januari, ikateremka hadi karibu 130 baada ya Kenya kuanza kununua tena dhamana yake ya nje (hati ya mkopo wa dola) Februari. Usigawanye wastani wa nchi moja kwa namba ya Desemba ya nyingine, wala mwaka wa bajeti, unaoanza Julai, kwa mwaka wa kalenda. Kama ni deni au thamani ya mali ya kabla ya 1986, andika kando ya kiwango kwamba ni cha serikali, kisha weka hesabu ya pili iliyorekebishwa kwa bei za bidhaa za nchi zote mbili.