Kesi ya Kangura ifundishwe Arusha

Ukitaja jina la Hassan Ngeze, mhariri wa Rwanda aliyehukumiwa kwa kuchochea mauaji ya kimbari ya 1994, kwenye kijiwe cha waandishi hapa Arusha, jibu huwa ni lile lile: yule hakuwa mwandishi, alikuwa mchochezi tu. Sikubaliani nalo, na linanisumbua zaidi likitoka kwa sisi tunaoandikia majarida.

Ngeze alianzisha jarida la Kangura nchini Rwanda mwaka 1990, akawa mhariri wake. Kazi yake ndiyo hii yetu: kupanga kurasa, kutafuta kichwa cha habari, kuchagua katuni. Desemba mwaka huo huo alichapisha "amri kumi" zilizomwita msaliti Mhutu yeyote atakayeoa mwanamke wa Kitutsi. Jalada la toleo namba 26, la Novemba 1993, lina picha ya panga, na pembeni swali: tutumie silaha gani kuwashinda Inyenzi ("mende", tusi kwa Watutsi) moja kwa moja? Litazame jalada hilo kwa jicho la kazi. Panga halikuangukia pale kwa bahati mbaya. Mtu aliamua likae karibu na maneno gani, akaridhika, akaruhusu lichapwe.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa ilimhukumu hapa hapa mjini, pale kwenye kituo cha mikutano cha AICC, tarehe 3 Desemba 2003: kifungo cha maisha. Mwaka 2007 rufaa ikakipunguza hadi miaka 35, lakini kosa la kuchochea mauaji ya kimbari kupitia makala za Kangura za 1994 likabaki palepale.

Sisi mjadala wetu ni makanjanja wasio na taaluma, bahasha za hongo na ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imetuletea ithibati, sawa, lakini cheti hakimfundishi mtu kuliogopa jalada lake. Chuoni nilikosoma tulikariri nani, nini, lini, wapi. Kesi hii, iliyosikilizwa umbali wa daladala moja, hakuna mwalimu aliyeigusa.

Kumbukumbu za mahakama ile ziko Lakilaki, nje kidogo ya mji. Vyuo vya habari viwapeleke wanafunzi huko. Wawekewe jalada la namba 26 mezani, waulizwe: mhariri wako akikuagiza uandike makala ya kwenda na hili, utamjibu nini? Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa makala, kodi ya nyumba imefika na mtoto amerudishwa kwa ada, atakataa? Swali hilo nataka mwanafunzi alijadili darasani, na wenzake, kabla hajaulizwa na mhariri wa kweli.