Koini za Ultimate Team: anayenunua mapema anahukumiwa vibaya

Kila Septemba, gemu mpya ya mpira ya EA Sports FC inapotoka, ushauri kwa wanaocheza Ultimate Team, sehemu yake ya kujenga kikosi kwa kadi za wachezaji zinazonunuliwa kwa koini za ndani ya gemu, ni uleule: usinunue mchezaji ghali sasa, tunza koini, subiri soko lianguke. Anayekaidi akamchukua winga wa bei mbaya katikati ya Oktoba huambiwa ametupa mali. Januari ikifika na bei ya kadi ile imeporomoka, jina lake hutajwa kama mfano wa mtu asiyejua kutumia koini. Mimi naona anaonewa. Anapimwa kwa kipimo cha mtu anayeweka akiba benki, na Ultimate Team si benki.

Nazungumzia Ultimate Team ya konsoli na kompyuta. Ile ya simu ina uchumi wake na kanuni zake.

Wanaosubiri hawasemi ovyo, na sehemu kubwa ya wanayosema ni kweli. Bei za kadi nyingi hushuka tangu gemu inapotoka hadi inapochokwa. Kila wiki zinatolewa kadi maalumu zenye kasi na uwezo kuliko za wiki iliyopita, pakiti za kadi za kubahatisha zinafunguliwa usiku na mchana, na kadi za kawaida zinarundikana sokoni bila mnunuzi. Mwishoni mwa Novemba, siku za Black Friday, pakiti nyingi hutolewa kwa mkupuo na bei hutikisika. Januari, kadi za Timu ya Mwaka zinapokaribia, watu huuza vikosi vizima ili wawe na koini mkononi, na mwenye akiba huokota wachezaji wazuri kwa bei ya hofu. Katika masika ya Ulaya huja Timu ya Msimu, na hapo hata kadi iliyokuwa ndoto mwezi Desemba inakuwa ya kuweka benchi. Msubiriji anaweza pia kununua kadi za alama 84 na 85 zikiwa chini, kisha kuziuza SBC nzuri, yaani changamoto ya kutoa kadi ili upewe zawadi, inapotangazwa na kila mtu anazihitaji za kutoa. Tangu SBC ziingie na FIFA 17, gemu hii ilipokuwa bado inaitwa FIFA, wapo wanaojenga utajiri kwa njia hiyo tu. Ana koini, ana subira, na mara nyingi hesabu zake zinatoka.

Lakini kuna jambo moja linalobadilisha hesabu yote, nalo hutajwa kwa haraka mno: koini hazivuki mwaka. Gemu ikibadilika Septemba unaanza upya, mwenye milioni tano na mwenye elfu tano sawasawa. Koini ambayo haikugeuka kuwa mchezaji uliyecheza naye haina pa kwenda. Kwa hiyo kuuliza "kadi hii imepoteza kiasi gani?" hakutoshi. Aliyepanga nyumba mwaka mzima hasemi amepata hasara kwa kuwa kodi haikurudi. Anajiuliza kama nyumba ilimfaa kwa kodi ile. Kadi ya Ultimate Team ni ya kupanga, hakuna anayeimiliki zaidi ya msimu mmoja.

Tuhesabu basi, kwa mfano wa kubuni lakini wenye umbo la soko lilivyo. Mtu wa kwanza ananunua mshambuliaji kwa koini 200,000 mwezi Oktoba. Anacheza naye mechi 250 hadi Januari, si nyingi kwa anayecheza mashindano ya mtandaoni ya Division Rivals katikati ya wiki na ya Champions mwishoni mwa wiki. Bei imeshuka hadi 60,000. Anauza, soko linakata asilimia 5, anabaki na 57,000. Mshambuliaji amemgharimu 143,000, yaani koini 572 kwa kila mechi.

Mtu wa pili amesubiri. Anamnunua mshambuliaji yuleyule Januari kwa 60,000, anacheza naye mechi 100, kisha anamuuza kwa 20,000 na kupokea 19,000. Amelipa 41,000, sawa na koini 410 kwa mechi.

Msubiriji ameshinda hesabu, sikatai. Lakini tazama ameshinda kwa kiasi gani. Ukilinganisha 143,000 na 41,000, wa kwanza anaonekana ametumia zaidi ya mara tatu. Ukigawa kwa mechi, tofauti ni koini 162. Hizo 162 ndizo ninazotaka tuzikazie macho, kwa sababu ndiyo bei halisi ya kuwa na mshambuliaji mzuri tangu Oktoba badala ya Januari. Ni kiasi ambacho mechi moja inaweza kukirudisha, hata ile uliyofungwa. Na katika muda huo wa kusubiri, mtu wa pili hakukaa bure. Alicheza mechi zake na mshambuliaji wa kuungaunga. Kuna mechi alizopoteza kwa goli moja, kuna daraja la Rivals ambalo hakulifikia, kuna zawadi za Champions alizochukua ngazi moja au mbili chini ya uwezo wake. Zawadi hizo ni koini na pakiti za kila wiki. Akiba yake imelipiwa kwa zawadi ambazo hazikuja, ila hazionekani kwa sababu hazikuandikwa popote. Hasara ya mnunuzi wa mapema inaonekana kwenye bei ya soko, kila mtu anaweza kuinyooshea kidole. Hasara ya msubiriji imejificha kwenye mechi.

Kuna na suala la wakati wenyewe. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo gemu ina uhai: kila mtu anaicheza, vikosi havijafanana, mchezaji mmoja mzuri anaonekana uwanjani kwamba ni mzuri. Kufikia Mei karibu kila kikosi unachokutana nacho kimejaa kadi za alama za juu kabisa, na mshambuliaji wako hana tena cha kuwazidi mabeki wanaomkabili. Koini 60,000 za Mei zinanunua mchezaji bora kuliko 200,000 za Oktoba, hilo ni kweli kwa namba zilizo kwenye kadi. Kwa tofauti anayoileta mchezaji huyo kwenye mechi, si kweli.

Na kusubiri kwenyewe hakuna kituo. Aliyesubiri Black Friday huambiwa Timu ya Mwaka imebakiza wiki chache. Ikipita, mbona Timu ya Msimu iko njiani. Kila anguko la bei lina jingine nyuma yake, na hoja iliyokuzuia kununua Oktoba ina nguvu ileile Machi. Nimeona watu wanaingia Agosti na mamilioni ya koini na kikosi ambacho hawajawahi kukipenda. Sijui tuite nini hiyo, lakini matumizi mazuri ya koini siwezi kuiita.

Anayestahili lawama ni mtu mwingine kabisa, na nashangaa anavyopita bila kuguswa. Ni yule anayebadilisha kikosi kila wiki. Ameona video inasema kiungo fulani ndiye wa sasa, anauza wa kwake, ananunua huyo. Wiki inayofuata kuna mwingine. Hajioni kama mtumiaji mbaya kwa sababu kila mara "anauza kwa bei aliyonunulia". Asilimia 5 ya soko haijali hilo. Kadi iliyonunuliwa kwa 200,000 lazima iuzwe kwa zaidi kidogo ya 210,500 ndipo koini zako zirudi zote. Ukiuza kwa bei uliyonunulia na kununua tena mara kumi, hata soko lisiposhuka kwa koini moja, 200,000 zako zimekuwa kama 119,700. Asilimia 40 imekwenda, na hukufungua hata pakiti. Ukiongeza na kushuka kwa bei za soko, mtu huyu hupoteza zaidi ya mnunuzi wa Oktoba aliyetulia na mshambuliaji wake mpaka Januari, na hata huko kuzoeana na mchezaji, kujua anageukaje na anapiga lini, hakupati.

Ndiyo maana nikisema nunua mapema sina maana ya kununua ovyo. Mnunuzi wa mapema ninayemtetea ananunua mara chache. Anachagua nafasi moja au mbili zinazoamua mechi, mara nyingi mshambuliaji na beki wa kati mwenye kasi, na sehemu nyingine anacheza na kadi za bei nafuu. Tangu kanuni za kemia, yaani pointi ambazo wachezaji wa ligi, nchi au klabu moja huongezeana kikosini, zilipobadilishwa kwenye FIFA 23, kikosi kikawa na pointi zisizozidi 33 na mchezaji asiye na kemia akaacha kupunguziwa uwezo, kazi hiyo imekuwa rahisi: mchezaji mmoja ghali kutoka ligi ngeni hakuvunjii kikosi. Evolutions, njia ya kupandisha uwezo wa kadi uliyonayo, zilizoingia na FC 24, zimeongeza sababu ya kudumu na mchezaji. Baadhi ni za bure, baadhi zinalipiwa koini, na kadi iliyopandishwa kwa njia hiyo haiuziki tena. Kwa anayepima kila kitu kwa bei ya kuuzia, hiyo ni koini iliyokufa. Kwa anayepima kwa mechi, mchezaji wa Oktoba ameongezewa miezi, na asilimia 5 haikukatwa hata mara moja.

Pakiti ni habari fupi. Kwa miaka mingi pakiti ya dhahabu ya juu imeuzwa koini 7,500, na kwa kawaida vinavyotoka ndani, ukiviuza vyote, havifiki hapo. Kwa hili wasubirio na mimi tuko pamoja: koini za kuchuma uwanjani zisiende kwenye pakiti za duka. Ninachoongeza ni kwamba uchumi wa koini unatosha bila pesa taslimu, na ushahidi upo Ubelgiji. Mwaka 2018 tume ya nchi hiyo inayosimamia kamari ilitamka kwamba pakiti za namna hii zinazolipiwa pesa zinavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko FIFA Points, pointi za kununuliwa kwa pesa taslimu na kufungulia pakiti. Mchezaji wa Ubelgiji tangu hapo anajenga kikosi kwa koini za kucheza na soko peke yake. Uholanzi ilijaribu njia hiyohiyo kwa faini ya euro milioni 10 iliyotangazwa 2020, ila Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta. Mjadala wa kisheria bado mrefu, lakini swali la kutumia koini vizuri linabaki palepale ukiwa na pointi au usipokuwa nazo: kila koini iliyoingia itatoka kuwa mechi gani?

Swali hilo linanilazimisha kukubali mahali ambapo hoja yangu inalegea. Hesabu ya koini 572 ilisimama juu ya mechi 250. Wako wengi, na huku kwetu ni wengi hasa, ambao hawana mechi hizo. Ana konsoli yake, lakini intaneti ni bando la simu linalogawiwa nyumba nzima, umeme una siku zake, na kazi inamrudisha nyumbani usiku. Anapata mechi tatu au nne kwa wiki, na siku nyingine anaingia sokoni kupitia programu ya simu tu, bila kugusa padi. Kwake yeye Oktoba hadi Januari ni mechi 60. Gawa zile 143,000 kwa 60: zaidi ya koini 2,300 kwa mechi, na mechi zenyewe hazimrudishii hata nusu. Zawadi za Champions hazimhusu kwa sababu hafiki huko. Soko kwake ndiyo sehemu ya gemu anayoweza kuicheza kila siku, na subira inamlipa kuliko mshambuliaji yeyote. Huyo nami ningemwambia asubiri Januari.