Tunawapenda Sana, Tatizo ni Maegesho

Mzee ninayemtunza hapa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, alitaka kuhudhuria mkutano wa wakazi wa mtaa wake, basi nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ukumbi wa kanisa, nikakaa nyuma yake kusikiliza. Ajenda ilikuwa moja. Pale kona, palipokuwa na gereji zamani, kuna mtu anataka kujenga ghorofa nne za kupangisha, na baadhi ya nyumba ziwe za kodi nafuu. Jioni nzima nikawasikiliza watu wenye vibao vya "Black Lives Matter" (maisha ya weusi yana thamani) mbele ya nyumba zao (napita pale kila siku, ukitaka naweza kukuchorea ramani ya vibao vyote) wakieleza, kwa sauti ya msibani, kwa nini jengo lile haliwezekani. Kivuli kitafunika bustani za nyanya. Mti mkubwa utakatwa. Sura ya mtaa itaharibika. Halafu maegesho! Magari yataegeshwa wapi, jamani? Hao ni watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli na kukuhubiria habari za tabianchi mpaka unaona haya kuwasha heta.

Rangi ya mtu haikutajwa hata mara moja. Portland hawana ushamba huo. Tena mama mmoja, akitoka kulipinga jengo, alikuja kunishika mkono, akaniambia amefarijika kuniona, na kwamba mtaa wao unahitaji sana watu kama mimi. Nikamwambia asante mama. Mtu kama mimi analala huko barabara ya 148, mbali mashariki mwa mji, na akishamlaza mzee anawahi basi.

Walioko hapa wanaijua hiyo safari. Panda basi la FX2 alfajiri kule Gresham, mji jirani wa mashariki, uje nalo kwenye barabara ya Division mpaka katikati ya Portland. Huku kwetu basi linajaa walezi wa wazee, wasafishaji wa hoteli, vijana wa maghala. Kiswahili cha Uvira na cha Bukavu kinapigwa siti za nyuma kama vile hatujavuka bahari. Tukishavuka barabara ya 82, abiria wanaanza kubadilika, na nje nako kunabadilika: miti, vijia vya miguu vilivyonyooka, migahawa yenye foleni mlangoni. Upande wetu, mitaa mingi mpaka leo haina hata kijia cha miguu. Mji wa Portland ulianza kuimeza mitaa hii ya mashariki kwa wingi miaka ya 1980, ukachukua kodi, vijia ukasema vitakuja.

Nilipomsimulia rafiki yangu, dada wa Tabata anayeishi Columbus, Ohio, alinijibu kwamba hayo ni mambo ya pesa tu, tusitie ubaguzi kila mahali. Dada yangu, hata mimi ningependa iwe hivyo. Lakini katika mji huu pesa na rangi zilifungwa pamoja kwa makusudi, na waliozifunga waliacha maandishi.

Oregon ilikubaliwa kuwa jimbo tarehe 14 Februari 1859 ikiwa na katiba iliyosema mtu mweusi aliyetoka nje haruhusiwi kuja kukaa, kumiliki ardhi, wala kufanya mkataba. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1926. Maneno mengine ya kibaguzi yaliendelea kukaa kwenye katiba hiyo mpaka 2002, na hata mwaka huo kulikuwa na watu waliopiga kura yabaki! Marekebisho ya 15 ya katiba ya Marekani, yanayolinda kura ya mtu bila kujali rangi, Oregon iliyaridhia 1959. Mia moja kamili baada ya kuwa jimbo. Sherehe nzuri.

Ila hayo ya katiba ni ya kuwashtua wageni. Yaliyojenga mtaa wa mzee wangu ni mengine. Mwaka 1919 chama cha madalali wa nyumba wa Portland kiliandika kwenye kanuni zake za maadili, naomba mlione hilo la maadili, kwamba si halali kumuuzia mtu mweusi au Mwasia nyumba katika mtaa wa wazungu. Kanuni hiyo ilidumu mpaka 1956. Wakati wa vita walipohitaji mikono ya kujenga meli, watu weusi waliletwa kwa maelfu wakawekwa Vanport, mji wa harakaharaka katika bonde la mto Columbia, chini ya matuta ya kuzuia maji. Tarehe 30 Mei 1948, asubuhi, mamlaka ya nyumba iliwaambia wakazi matuta yako salama na kwamba wataarifiwa mapema ikibidi kuondoka. Jioni hiyo mji wote ulikuwa majini. Watu wasiopungua 15 wakafa, zaidi ya 18,000 wakakosa makazi, karibu theluthi yao weusi.

Wakaenda wapi? Albina, eneo la kaskazini mwa Portland, kwa kuwa huko ndiko madalali walikoruhusu. Kufika 1960, karibu weusi wanne kati ya watano wa Portland walikuwa wanaishi Albina. Wakajenga makanisa, saluni, kumbi za jazi, nyumba zao wenyewe. Ndipo mji ukagundua ghafla kwamba kila kitu Portland inachohitaji kinaenea Albina tu! Ukumbi wa Memorial Coliseum ukawekwa pale, mamia ya nyumba yakaondoka. Barabara kuu ya I-5 ikapita katikati. Miaka ya 1970 hospitali ya Emanuel ilitaka kupanuka. Nyumba na maduka karibu 300 vikabomolewa, kisha fedha za serikali kuu zikakatika na ardhi ikabaki majani. Si mwaka, si miwili. Miongo. Watu walitolewa katika nyumba walizozilipia jasho ili pasijengwe kitu.

Waliobaki wakanyimwa mikopo. Gazeti la The Oregonian lilifichua mwaka 1990 kwamba benki zilikuwa karibu hazitoi kabisa mikopo ya nyumba katikati ya Albina. Nyumba zikachakaa, zikawa bei ya bure, na zilipofika bei ya bure wakaja vijana wa kizungu wenye moyo mwema, wanaopenda mitaa yenye historia na mchanganyiko wa watu. Benki nazo zikapata akili siku hiyo hiyo. Kati ya 2000 na 2010 karibu watu 10,000 wasio wazungu, wengi wao weusi, waliondoka maeneo ya ndani ya kaskazini na kaskazini-mashariki. Wengi walikuja huku kwetu kwenye mabarabara ya namba kubwa, tukawakuta au wakatukuta. Ukipita Albina leo kuna michoro ya ukutani ya kuwaenzi. Imechorwa vizuri, siwezi kubisha.

Kwa hiyo mtu anaposimama ukumbini kutetea sura ya mtaa, simwoni shetani. Namwona mtu aliyenunua nyumba ambayo thamani yake imetokana na nani hayumo. Hahitaji kumchukia mtu yeyote. Anahitaji tu mambo yabaki yalivyo, na mambo yakibaki yalivyo mimi nabaki 148. Wakoloni kule Dar es Salaam walitenga Uzunguni, Uhindini na Uswahilini kwa sheria za ujenzi, wakidai ni habari ya aina ya nyumba, si ya aina ya mtu. Nyumba yako ikiwa ya udongo, upande wako ule. Babu zetu hawakudanganyika, na sijui kwa nini sisi tudanganyike kwa sababu ya kibao kilichoandikwa vizuri.

Haya, niwe mkweli, maana najua kuna mtu anakunja ngumi tayari. Mwaka 2019 bunge la Oregon lilipitisha sheria inayolazimisha miji mikubwa kuruhusu nyumba za familia mbili, tatu hata nne katika viwanja vilivyokuwa vya familia moja, na Portland ikapitisha yake 2020. Majimbo mengi hayajathubutu. Kuna pia mpango wa kuwapa kipaumbele cha nyumba waliosukumwa kutoka kaskazini, warudi. Sawa. Nimesema. Na mwaka 2020 watu hapa waliandamana zaidi ya usiku mia mfululizo kwa ajili ya George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi, wengi wao wazungu, wakila mabomu ya machozi.

Tena kuna jambo ambalo siwezi kulifanyia kejeli. Tarehe 26 Mei 2017, ndani ya treni ya mjini, MAX, mtu aliwavamia kwa matusi mabinti wawili, mmoja amevaa hijabu. Ricky Best na Taliesin Namkai-Meche waliingia kati, wakachomwa visu, wakafa. Hawakuwajua wale watoto. Mji unaoweza kuzaa watu wa namna hiyo sitauita mji wa wanafiki. Ni mji huo huo ambamo Mulugeta Seraw, kijana wa Ethiopia aliyekuja kusoma, aliuawa kwa rungu la besiboli mwaka 1988, na yote mawili ni kweli. Ila ushujaa wa kwenye treni hauombwi kwa kila mtu. Kinachoombwa kwa wale wa ukumbini ni kivuli kidogo kwenye nyanya, na hicho kimewashinda.

Ya polisi na ya shule sitayagusa leo, kila moja linataka ukurasa wake. Na msiniletee kwamba migahawa ya Kihabeshi imejaa wazungu. Injera haiombi mkopo wa nyumba.

Mama mmoja wa Uvira, jirani yangu, alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa hapa. Anasema hajawahi kuishi mahali watu wanampungia mkono namna hii. Anasema pia kodi imempandia tena. Mwaka jana shemeji yake alifunga mizigo akahamia Texas na watoto wote, jimbo ambalo jirani za mzee wangu hulitaja wakikunja pua. Walipojua walisikitika sana. Mmoja aliniuliza kama familia ile itakuwa salama huko, na siasa zile. Nikampigia shemeji kumuuliza. Akasema siasa anazisikia kwenye redio akiwa gereji kwake, anapaka rangi kitanda cha mtoto, gereji ikiwa ya nyumba aliyonunua mwenyewe, na magari mawili yanaingia bila shida.