Wifi, Pilipili na Pepo wa Saa Mbili Usiku

Wifi yangu wa Dar es Salaam hali nyama. Hilo halinitishi, hata mimi ikifika tarehe 25 sili. Lakini pia hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa, na asali haigusi kwa kuwa nyuki hakuombwa ruhusa. Hayo yote alinieleza tukiwa bado stendi ya Nanenane, begi lake likiwa kichwani kwangu. Mume wangu, ambaye ni kaka yake wa kuzaliwa, aliposikia masharti hayo alikumbuka ghafla kwamba ana mzigo wa kupeleka Zambia. Akawasha lori, akatuachia nyumba.

Mtu kama huyo Mbeya hafi njaa, tuseme ukweli. Nenda Mwanjelwa: maharage, njegere, viazi, kabichi, karoti, maparachichi ya Rungwe, ndizi za kila aina. Jioni aliyofika nikampikia ndizi na maharage. Kesho yake nikampikia maharage na ndizi. Akala, akashukuru, akaweka kijiko chini taratibu.

"Wifi, leo pumzika. Napika mimi. Tambi za Kiasia, dakika kumi na tano tumemaliza."

Nikataka kuonyesha ushirikiano, nikatoa pakiti ya tambi za dukani, ile yenye picha ya kuku. Akavaa miwani, akasoma maandishi madogo ya nyuma kuanzia juu hadi chini. Akaniambia tambi za namna hiyo zilibuniwa na Mjapani mmoja, Momofuku Ando, mwaka 1958, kwa kukaanga tambi zilizopikwa mpaka zikauke. Na kwamba tambi zenyewe hana ugomvi nazo, ugomvi wake ni na kile kikaratasi cha unga, maana humo kuku yumo. Mimi miaka yote nilijua kuku yuko kwenye picha tu.

Basi akafungua begi akatoa za kwake, tambi za mchele, nyeupe, nyembamba, ngumu kama ufagio wa chelewa.

"Hizi hazichemshwi, wifi. Unazimwagia maji ya moto, zikilainika unazitoa upesi. Ukizisahau zinageuka uji."

Naomba mnishikie hayo maneno.

Kabla sijaendelea, niwaeleze nyumba yetu. Ni ya kupanga, vyumba sita, korido moja katikati, na haina silingi bodi. Kuta zinapanda zikifika usawa wa mlango zinachoka, juu ni bati tupu kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Baba Lusajo akikata kucha chumba namba mbili, mimi wa namba sita najua amefika kidole gani. Tangu nihamie namlilia Bibi mwenye nyumba atuwekee silingi, na jibu lake ni moja: "Mwanangu, hiyo ni nzuri, hewa inapita."

Na ulikuwa mwezi wa saba. Asiyejua baridi ya Mbeya mwezi wa saba asinibishie. Madirisha yote yamefungwa, nyufa zimezibwa kwa matambara, wapangaji wamejifunika blanketi wanasubiri kuche.

Sikatai, wifi anajua kupika. Alikatakata karoti, hoho na kabichi nyembamba kama za kupimwa. Tangawizi na kitunguu saumu akavitwanga. Sosi ya soya akaichanganya na limao, sukari kidogo na karanga zilizosagwa, nikaonja, nikasahau habari za ndizi. Tambi akaziloweka kwenye sufuria, akafunika. Ikabaki kitu kimoja, mafuta ya pilipili. Hapo akaomba pilipili kichaa kavu, nami nikampa kopo zima nililoanika mwenyewe kwa ajili ya mwaka mzima, nikitegemea atachukua tano.

Namna yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni hii: pilipili unaziponda unaziweka kwenye bakuli. Mafuta unayapasha peke yake kwenye kikaango, unayaepua, unayaacha yapoe kidogo, ndipo unayamwaga juu ya pilipili. Zinatoa mlio, zinanukia, mambo yameisha.

Mafuta yakiwa jikoni, umeme ukakatika.

Nikaenda chumbani kupapasa tochi. Nyuma yangu nikasikia, "Wifi, bakuli liko wapi? Aa, nimelipata." Alichokuwa amekipata kilikuwa kopo. Na alipolimimina, hakulimimina bakulini. Lilikwenda lote kwenye kikaango, mafuta yakiwa yameanza kutoa moshi, moto wa gesi bado unawaka chini.

Ikasikika shaaa! Kisha kimya.

Halafu hewa ikapita.

Moshi wa pilipili hauonekani gizani, lakini unaweza kuufuatilia kwa masikio. Chafya ya kwanza ilitoka kwangu. Ya pili chumba namba tano, kwa mwanafunzi wa chuo. Kikohozi namba nne. Namba tatu anakaa Mama Tusekile, mlokole, alikuwa katikati ya maombi ya usiku. Tukasikia: "Pepo, nakuamuru, to... to... hapchiya! Toka!" Kadiri anavyokemea ndivyo anavyovuta pumzi, na kadiri anavyovuta pumzi ndivyo pepo anavyomwingia. Kwa Baba Lusajo, ambaye ni dereva wa bodaboda na mambo mengi ameyaona barabarani, ikatoka sauti ya mtu mzoefu: "Mabomu ya machozi! Laleni chini!" Watoto wake wakalala chini. Yeye akatoka mbio.

Ndani ya dakika moja nyumba nzima ilikuwa uani. Fundi cherehani alikuwa anaoga, akatoka na taulo na povu, kwenye baridi ile, analia machozi na kutetemeka kwa wakati mmoja. Bibi mwenye nyumba akatoka kibanda chake cha nyuma na taa ya chemli. Na kwa kuwa sisi ni watu wenye adabu, kila aliyepita mlangoni alijitahidi.

"Shika... khoh! khoh! Shikamoo Bibi!"

"Marahaba. Mnachoma nini humo?"

"Chakula, Bibi," nikajibu.

Wifi ndiye alitoka wa mwisho, kikaango mkononi, pilipili nyeusi tii ndani yake. Alikuwa ameziponda kwa vidole muda mfupi kabla, na kwa vidole hivyo hivyo akafuta machozi. Sitaki kusimulia kelele zile. Akakimbilia bomba, akanawa, akasukutua, ikawa mbaya zaidi. Mwanafunzi akatuelimisha kati ya chafya mbili: ule ukali unaitwa kapsaisini, hauyeyuki kwenye maji, maji yanausambaza tu, kinywani dawa ni maziwa.

Bibi hakungoja aambiwe mara mbili. Akaleta kikombe cha maziwa ya Tukuyu, mazito, yenye utando.

Wifi akakitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka.

"Ya soya haya, Bibi?"

"Ya soya ndiyo nani? Ya ng'ombe, mjukuu wangu. Kunywa."

Nyumba nzima ikanyamaza kuangalia. Akakunja uso, akabugia, akayazungusha mdomoni kwa muda mrefu, halafu akayatema kwenye migomba.

"Sijameza!" akatutangazia wote, kidole juu. "Ni dawa, na sijameza!"

"Unatema maziwa?" Bibi akauliza, na hilo ndilo lililomuuma usiku ule kuliko moshi wote.

Umeme uliporudi tukaingia ndani. Nikafunua sufuria. Ukiweka mwiko ulisimama. Tukachanganya na mboga na ile sosi, na kwa kuwa wote walikuwa na baridi na hakuna aliyekuwa na hamu ya kulala, wapangaji wakala. Baba Lusajo alisema ni ugali mzuri, ila Wachina wamezidisha tangawizi.

Bibi aliita fundi wiki ile ile. Silingi bodi ipo sasa, nyeupe, inapendeza, na kila chumba kimeongezewa kodi shilingi elfu tano. Majirani wananisalimia, lakini kwa kifupi.

Jumapili Mama Tusekile alitualika kanisani kwake, tusingeweza kukataa. Alisimama kutoa ushuhuda. Akasema saa mbili usiku pepo mwenye moto aliingia nyumbani kwao kupitia juu ya ukuta, akawashika wote koo, akazima na taa; wakakemea, akatokea mlangoni akiwa mweusi, amebebwa kwenye chuma. Kanisa zima likasimama kwa vigelegele. Mimi nikawa nasoma nyayo za viatu vyangu.

Wifi, pembeni yangu, macho bado yamevimba, ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.