Dakika Mbili Tu, Anko

Eti faili halitambuliki. Yaani hesabu zangu zote tangu 2006, kila mshahara ulioingia na jinsi ulivyotoka mbio, kila mtu niliyemkopesha akabadilisha namba ya simu, halafu kiprogramu cha hesabu nimekiweka leo hii hii kinanitazama usoni kinasema halitambuliki. Halitambuliki na nani? Mimi nalitambua. Mke wangu analitambua pia, ndiyo maana nililiwekea paswedi.

Kompyuta ya Windows ilishachoka, feni inapiga kelele mpaka jirani anauliza nasaga nini, mnazijua hizo. Nikapata Mac, kompyuta ya Apple. Nikasema sawa, mtu mzima nahama kwa heshima, sina ugomvi na mtu, nabeba hesabu zangu naenda nazo. Na programu yenyewe ina toleo la Windows na toleo la Mac, jina moja, nembo moja, kampuni moja, hata kile kijani cha kwenye batani ni kile kile. Sasa mtu mwenye akili zake ataelewa nini hapo? Si kwamba faili la huku litafunguka kule? Thubutu! Hawa ni ndugu wa baba mmoja wasiosalimiana. Kila mmoja ana faili lake, la mwenzake hataki hata kulisikia, na toleo la Mac halina hata nusu ya mambo niliyokuwa nayafanya kule, ila linapendeza, hilo nalikubali, linapendeza sana.

Nikachati na huduma kwa wateja. Wakaniambia kwa upole nijaribu kuzima na kuwasha. Nikawauliza nizime ipi, ya zamani au mpya? Kimya. Chati ikafungwa, nikaombwa niwape nyota.

Na nina bahati mimi, maana wapo waliokuwa na Microsoft Money, programu ya hesabu ya Microsoft. Hiyo iliacha kuuzwa 2009, mwaka uliofuata wakatoa toleo la bure la kuagia, na mpaka leo kuna watu wameing'ang'ania na kompyuta nzee ambayo hairuhusiwi kuzimwa. Nilikuwa nawacheka.

Basi nikamwita mpwa wangu. Kila ukoo una mmoja anayejua kompyuta, wetu ni huyu. Akaja, shikamoo anko, marahaba, hajakaa sawa ameshatoa hukumu.

"Tatizo lako dogo hilo anko. Tunatoa kila kitu kwa QIF huku, tunaingiza kule. Dakika mbili tu."

"QIF ndiyo nini?"

"Maandishi ya kawaida tu, ya tangu enzi za Quicken ya zamani, ile programu ya hesabu. Programu nyingi za hesabu zinayasoma."

Hii "dakika mbili tu" ningekuwa na mamlaka ningeipiga marufuku kwa sheria. Halafu mtu anayekuja kukusaidia kompyuta hakai pembeni, anakaa kwenye kiti chako, wewe unasimama nyuma yake na miwani yako unaulizwa maswali. Akabofya, akabofya, faili likatoka. Mimi nilidhani ataliingiza kule tumalize. Hapana. Akasema ngoja tulikague kwanza anko, akalifungua kwenye Notepad, kile kidaftari cha maandishi cha Windows.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba QIF haina siri. Paswedi yote ile niliyoweka, yenye namba na herufi kubwa na alama ya mshangao, imebaki huko kwenye faili la zamani. Hili jipya ni barua ya wazi. Kila muamala umeandikwa mstari kwa mstari, na kijana ananifundisha huku kidole kikiwa kwenye skrini: D ni tarehe anko, T ni kiasi, P ni uliyemlipa, M ni maelezo yako mwenyewe, L ni kategoria, na kile kikofia kinachokaa juu ya 6 kinafunga muamala. Naitikia ehe, ehe, najiona nimeelimika. Akashuka kidogo. Tukakutana na hiki:

D3/4'11
T-20000.00
PMpwa
MAnasema mwisho wa mwezi
LMikopo
^

Chumba kikawa kimya. Hata feni nahisi ilipunguza. Kijana akashuka haraka kidogo, akidhani amepita. Mbele kuna P Mpwa nyingine, maelezo yanasema "Mwisho wa mwezi huu kweli". Akashuka tena. "Anasema simu imeibiwa." Akashuka tena, mkono unatetemeka kwenye mausi, akafika ile ya 2014 ambayo niliandika tu "Nimeacha kuuliza."

"Anko," akasema taratibu, sauti ya kitaalamu kabisa, "hizi T zina alama ya kutoa mbele. Huenda programu ilikosea."

"Haikukosea."

"Unajua data ya muda mrefu namna hii inakuwa chafu. Wataalamu wanashauri usafishe kwanza ndiyo uhamishe. Hii kategoria ya Mikopo kwa mfano tungeweza..."

"Usiguse!"

Hapo ndipo mama watoto akapita na kuuliza mnasoma nini kwa sauti zote hizo. Tukajibu pamoja, bila hata kupeana ishara: "Koma!" Mimi nikaongeza, tunaangalia koma na nukta, zimeingiliana. Maana yeye naye yumo humo, siyo kwenye P, kwenye M. Kuna M kama tatu hivi zimeandikwa "mama watoto asijue" na moja wapo inahusu viatu vyangu, sitaki kuiongelea.

Tukafunga Notepad. Tukakubaliana bila kusema lolote. Akaingiza faili kwenye Mac, kijimstari kikakimbia mpaka mwisho, pakaandikwa imekamilika. Kijana akanyoosha mikono. Si nilikwambia anko?

Nikamwambia subiri. Naona Januari.

Mimi kodi ya nyumba nalipa tarehe 1 ya kila mwezi, mwenye nyumba ni shahidi, hajawahi kunisumbua. Programu ya Mac inaonesha nimelipa kodi tarehe 1 Januari, tarehe 2 Januari, tarehe 3 Januari, hivyo hivyo mpaka tarehe 12 Januari, halafu mwaka uliobaki nimekaa bure! Kila mwaka! Kumbe ile ya zamani imeandika siku kwanza halafu mwezi, hii mpya inasoma mwezi kwanza halafu siku, namna ya Kimarekani, na QIF yenyewe haisemi popote ipi ni ipi. Namba ikizidi 12 programu inashtuka kwamba huu hauwezi kuwa mwezi. Ikiwa 12 kushuka chini inajipangia tu. Kwa hiyo hesabu zangu nusu ziko sawa na nusu zimehama msimu. Bili ya umeme ya tarehe 5 Novemba nimeilipa tarehe 11 Mei, kabla umeme haujatumika. Mimi! Ambaye wakikata ndiyo nakumbuka bili!

Kijana anasema hilo dogo anko, tunabadilisha mpangilio wa tarehe kwenye Windows, tunatoa upya. Sawa. Tukatoa upya. Tarehe zikakaa.

Akafungua akaunti ya akiba akapiga kelele. "Anko! Kumbe una hela!"

Nikavaa miwani vizuri. Akiba imevimba, iko mara mbili. Na kabla sijasema neno kijana ameshageuza kiti ananitazama kwa upendo mkubwa, anko kuna jambo nilikuwa nataka nikushirikishe, kuna biashara. Nikamwambia hebu fungua akaunti ya mshahara kwanza. Akafungua. Imezama. Nyekundu, namba ndefu, inaonekana benki inanidai mimi na watakaonirithi. Yaani kwa wakati mmoja nilikuwa tajiri na fukara na nimekaa kiti kile kile, samahani, nimesimama, kiti anacho yeye.

Mambo yenyewe ni hivi. Ukihamisha hela kutoka akaunti ya mshahara kwenda akiba, ni tendo moja, ila limeandikwa pande zote mbili. Kwenye QIF jina la akaunti nyingine linawekwa ndani ya mabano ya mraba pale kwenye L. Sasa ukiingiza faili la akaunti ya kwanza, programu inaona mabano, inaandika huku na kule. Ukiingiza faili la akaunti ya pili, inaona mabano tena, inaandika tena kule na huku. Nyingine zina akili ya kulinganisha tarehe na kiasi zikaruka. Hii yangu haikuruka. Dawa ni kupitia faili moja na kuondoa uhamisho wote wenye mabano, ubaki upande mmoja tu, na hiyo kazi siyo ya dakika mbili. Ni kazi ya mtu aliyefungwa.

Kijana akapendekeza CSV, yale maandishi yanayotenganishwa kwa koma. Nikamwambia najua CSV, nishaumwa nayo, huko koma moja ndani ya maelezo inakusukuma nguzo zote kulia, nyingine zinatumia nukta mkato, na ukipitia Excel ndiyo kabisa, maana Excel za Mac za zamani zilihesabu siku kuanzia 1904 wakati za Windows zinaanzia 1900, ukibandika ovyo tarehe zinaruka siku 1,462. Miaka minne na siku moja. Nani alikaa akaamua hivyo na wenzake wakapiga makofi?

Akapendekeza OFX, ile inayotoka benki. Nzuri, kila muamala una namba yake kwa hiyo haujirudii, lakini kategoria hamna. Miaka yangu yote ya kupanga hiki ni chakula hiki ni nauli hiki ni ujinga, yote inafutika, inabaki hela imetoka. Kwamba hela imetoka nilikuwa najua.

Akapendekeza tuweke Windows ndani ya Mac. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nimehama nyumba halafu niliyemkimbia nimpangishe chumba sebuleni? Na hizi Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza kutoka 2020, Boot Camp, ile ya Apple ya kuwashia Windows, hazina, unatafuta programu nyingine ya kuiendeshea hiyo Windows, na nyingine zina bei yake.

Kuna GnuCash, programu ya hesabu ya bure, ipo tangu 1998, inakaa Windows, Mac na Linux na faili ni lile lile huku na kule, kitu ambacho hawa wanaonitoza wameshindwa. Ila ile ina nidhamu ya kihasibu, kila hela lazima iseme imetoka wapi na imekwenda wapi, na isiyojieleza inatengewa akaunti yake. Nikaitazama, nikafikiria zile M. Nikasema tuiache kwanza.

Kibodi nayo sitaki kuiongelea. Kontro imekuwa Komandi, batani ya kufunga imehamia kushoto, na ukiibofya dirisha linaondoka ila programu bado iko macho huko chini. Diski yangu ya nje, iliyoumbizwa NTFS, mtindo wa Windows, Mac inaisoma ila haiandiki kitu.

Tulichofanya mwishoni ni kazi ya mikono. Akaunti moja moja. Unaandika salio la kila akaunti kwenye karatasi, karatasi kabisa, na kalamu, unaingiza moja, unalinganisha, isipolingana unafuta unaanza. Faili la zamani haliguswi, nakala yake iko kwenye flashi, na flashi iko mahali najua mimi. Kijana kwenye ile akaunti yenye Mikopo alikazana kuliko zote, alifika mpaka kunishauri tuanzie 2015, eti yaliyopita si ndwele. Nikamwambia tunaganga yote.

Na kumbe kutumia toleo la Mac inabidi ulipie, siyo kununua, kulipia, yaani kila mwaka unatoa hela ili programu ikuoneshe kwamba hela huna. Na leseni ya zamani ukitaka wakupunguzie lazima uingie kwa akaunti ile ya 2006. Paswedi sikumbuki, nani anakumbuka, wakasema jibu swali la siri: jina la mnyama wa kwanza uliyemfuga.

Sijawahi kufuga mnyama. Maisha yangu yote, hata kuku. Lakini 2006 nilijibu kitu na kikakubaliwa. Nimejaribu Simba. Nimejaribu Paka. Nimejaribu Sina, nimejaribu Hakuna, kwa herufi ndogo na kubwa. Kijana anasema anko jaribu jina langu. Sasa nikakuwekee jina lako kwenye swali la mnyama, kwa nini? Jaribu tu anko. Nikajaribu.

Wamenifungia nusu saa.