Maua yalikuwa milangoni mwetu tangu zamani

Nimesoma makala inayodai ati msanii kuvutwa na maua ni mambo ya wachoraji wa Ulaya, akina Monet na yungiyungi zake za Giverny na van Gogh na alizeti za Arles mwaka 1888, na kwamba huku pwani ua lilikuwa pambo la arusi tu! Hapo mwandishi amekosea, tena sana. Nimekulia Lamu, na marehemu babu yangu alikuwa mchonga milango. Kabla hajashika patasi alikuwa akichuma ua bichi uani, analiweka kando ya ubao wa mbambakofi na kulitazama kwa muda mrefu, huku sisi watoto tumekatazwa kupiga kelele. Nendeni Mji Mkongwe wa Unguja mkatazame milango ya kale: mawaridi ya duara kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, yungiyungi, majani yanayopanda miimo hadi juu. Huyo aliyechonga hakutazama maua? Na kwenye taarabu mpenzi huitwa nani kama si waridi, kama si asumini? Hata kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachojipamba nacho wanawake, ni kazi ya sanaa. Anayekitunga huchagua asumini, kilua, mkadi na mrehani, rangi kwa harufu, kama mchoraji achaguavyo rangi zake. Kinachoniuma ni kwamba babu alikuwa na jina la kila nakshi ya ua, nami nimebaki na mawili matatu tu. Je, kuna msomaji wa Lamu, Pate au Unguja ambaye wazee wake bado wanayakumbuka majina hayo?