Kabari za Niebuhr na Nguzo za Persepolis

Wapo wanaosema kwamba michoro ya majengo ya Uajemi iliyochapishwa na wasafiri wa Ulaya tangu karne ya 17 ni ndoto za wageni, isiyofaa kuwa ushahidi wa lolote. Hoja hiyo ina msingi. Msafiri alichora mbele ya magofu, kisha fundi wa Ulaya ambaye hakuwahi kukanyaga Uajemi akaihamishia kazi hiyo kwenye bamba la shaba, na pale mstari ulipofifia akajaza aliyoyazoea: mashavu ya mviringo, misuli ya sanamu za Kirumi. Cornelis de Bruijn, msafiri na mchoraji Mholanzi aliyefika Persepolis, magofu ya mji wa kale wa wafalme wa Uajemi, mwaka 1704, aliilaumu michoro ya waliomtangulia. Naye akachonga jina lake mwenyewe kwenye jiwe la jumba la mfalme Dario, kosa lisilo na utetezi.

Hata hivyo, anayeitupa michoro yote hiyo hajayatazama maandishi yaliyonakiliwa pamoja nayo. Carsten Niebuhr, mpimaji ardhi aliyetumwa na mfalme wa Denmark, alifika hapo Machi 1765, akanakili maandishi ya kikabari, yaani ya kale yenye alama za umbo la kabari, kabari kwa kabari, katika mwanga mkali wa jua uliorudishwa na mawe hadi macho yake yakaumia. Nakala zake zilichapishwa mwaka 1778. Mwaka 1802 Georg Friedrich Grotefend, mwalimu wa shule huko Göttingen ambaye hakuwahi kuiona Persepolis, alizikalia nakala hizo na kuanza kuyasoma majina ya wafalme Dario na Xerxes. Kabari ikilala upande usio wake, herufi imekuwa nyingine na jina la mfalme limepotea. Na kazi hii ilipita kwa mchonga bamba vilevile, ikatoka ikisomeka. Mkono uliokuwa mwaminifu kiasi hicho kwa alama usizozielewa unastahili kusikilizwa unapochora nguzo na milango.

Tena mawe yenyewe hayakusubiri. Pietro della Valle, msafiri Mwitalia, alizikuta nguzo 25 zimesimama Persepolis mwaka 1621. Leo, kati ya 72 za ukumbi mkuu, zimebaki 13. Kule Isfahan, mji mwingine wa Uajemi, Ayina Khana, jumba la vioo kando ya mto Zayandeh Rud, lilibomolewa mwishoni mwa karne ya 19. Pascal Coste, msanifu majengo Mfaransa, alikuwa amelichora alipopita huko kati ya mwaka 1840 na 1841, na anayetaka kuona jinsi nguzo za baraza yake zilivyoukabili mto analazimika kuufungua mchoro wake.